Je, Wajua? Mbwa Aliyerudi Nyumbani na Kikohozi

Je, wajua kwamba mbwa anaweza kutoka kwenye nyumba ya kulelea mbwa akiwa mzima kabisa, akala, akacheza, akalinda nyumba, kisha siku ya tano au ya saba ndipo aanze kukohoa? Vijidudu vya kikohozi hicho, kiitwacho kikohozi cha bandani, hukaa mwilini siku 3 hadi 10 kabla dalili hazijatokea, na mara nyingine hufika 14. Ndiyo maana mwenye mbwa aliyerudi kutoka safari ya sikukuu huapa kwamba mnyama wake amepigwa na baridi hapo hapo nyumbani. Hesabu siku kurudi nyuma. Utafika kwenye zile alizolala jirani na mbwa wenzake, wakipumua hewa moja na kunywa maji ya karai moja.

Jina ni moja, vijidudu ni vingi. Yumo bakteria aitwaye Bordetella bronchiseptica, virusi vya parainfluenza vya mbwa, virusi vya adeno aina ya pili, na vijidudu vya jamii ya mycoplasma. Mara nyingi viwili au vitatu hushambulia kwa pamoja: virusi hutangulia kuchubua njia ya hewa, bakteria wakafuata. Vipo hata virusi vya korona vya mbwa vinavyoshambulia njia ya hewa, vilivyotambuliwa mwaka 2003 kwa mbwa wa kituo kimoja cha hifadhi jijini London, Uingereza. Si vile vya UVIKO-19, kwa hiyo usitishike daktari akilitaja neno korona.

Je, wajua kwamba bakteria huyo wa Bordetella ni wa ukoo mmoja na bakteria wa kifaduro? Jules Bordet wa Ubelgiji, pamoja na mwenzake Octave Gengou, ndio waliomtenga bakteria wa kifaduro mwaka 1906. Bordet alipata Tuzo ya Nobeli ya Tiba ya mwaka 1919 kwa kazi yake kuhusu kinga ya mwili, na ukoo mzima wa bakteria hao ukabeba jina lake. Mzazi aliyewahi kukesha na mtoto mwenye kifaduro ataitambua tabia ya ugonjwa huo kwa mbwa: kikohozi kinachokuja kwa mikupuo, kisichompa mgonjwa nafasi ya kuvuta pumzi, na kinachoishia kwenye kichefuchefu.

Kwa nini kikohozi chenyewe hakiishi haraka? Ndani ya bomba la hewa la mbwa kuna vinyweleo visivyoonekana kwa macho. Vinyweleo hivi hupiga mfululizo kuelekea juu, vikisukuma kamasi, vumbi na vijidudu hadi kooni ili vimezwe. Bordetella hujibandika juu ya vinyweleo hivyo, huvizuia visipige, na kutoa sumu inayoua seli zilizovibeba. Kamasi hutuama. Mwili unabaki na njia moja tu ya kuisafisha njia ya hewa, nayo ni kukohoa kwa nguvu. Hata vijidudu vikishashindwa, seli mpya zenye vinyweleo huhitaji muda kuota. Mwenye mbwa anayeona siku ya nane imefika na kikohozi bado kipo asidhani dawa imeshindwa au daktari hajui kazi. Wengi hupona ndani ya wiki moja hadi tatu.

Mtazame mbwa anapokohoa. Husimama ghafla, hutanua miguu ya mbele, hunyoosha shingo na kuinamisha kichwa. Mbavu hujikaza, kisha hutoka mlio mkavu, mzito, mithili ya bata bukini anayelia. Hurudia mara tatu, nne. Mwishoni hufungua kinywa kana kwamba anatapika, na kinachotoka ni povu jeupe kidogo au ute. Baada ya hapo hujilamba, hutikisa masikio, na kurudi kwenye shughuli zake kama vile hakuna lililotokea. Hiyo ndiyo sura ya kikohozi cha bandani cha kawaida: kelele nyingi, mbwa mwenyewe mchangamfu.

Kichefuchefu hicho huwafanya watu wengi waamini kwamba mfupa umemkwama. Tafadhali usimtie mkono kooni mbwa anayekohoa hivi. Utamchubua na huenda akakuuma. Mbwa aliyekwamwa kweli hujipapasa kinywa kwa miguu ya mbele, hutiririkwa na mate, huhangaika, na fizi zake hugeuka rangi ya buluu. Huyo ni wa kukimbizwa kwa daktari dakika ile ile.

Je, wajua kwamba daktari anaweza kukianzisha kikohozi kwa kulibonyeza kidogo tu bomba la hewa? Koo lenye uvimbe huwa jepesi kiasi hicho kuchokozeka. Sasa fikiria kola ya shingoni, na mnyororo, na mbwa anayevuta kuelekea getini. Kila mvuto ni mkupuo mpya wa kikohozi. Vua kola kwa wiki mbili tatu, umfunge mkanda wa kifuani unaopita mabegani na chini ya mbavu. Usipoupata dukani, fundi wa mikoba anaweza kukushonea wenye utepe mpana usiokata ngozi.

Kubweka nako huumiza koo. Hapa kwetu mbwa wengi ni walinzi, na mlinzi mwenye kikohozi akiachwa getini atabweka kila pikipiki inapopita, usiku kucha, koo likizidi kuwa bichi. Mpe likizo. Mhamishie upande wa nyuma wa nyumba, au chumba cha stoo chenye dirisha, mahali asipoona barabara. Asikimbizwe, asirushiwe mpira, asipelekwe matembezi marefu. Atoke tu kujisaidia, kisha arudi alale. Katika tiba zote zilizotajwa kwenye safu hii, kupumzika ndiko kwenye nguvu kuliko zote, na ndiko kunakodharauliwa zaidi kwa sababu hakuuzwi dukani.

Moshi wa jiko la mkaa, dawa ya mbu ya kuchoma, udi, sigara, manukato ya kupuliza, hata vumbi la kufagia bila kunyunyiza maji: vyote huchokoza njia ya hewa iliyochubuka. Mbwa aliyezoea kulala jikoni pembeni mwa jiko atafutiwe pengine hadi apone.

Je, wajua kwamba mvuke humsaidia, lakini si kwa namna tunavyojifukiza sisi? Usimfunike mbwa kwa blanketi juu ya sufuria. Ataungua au atapatwa na hofu kubwa. Ingia naye bafuni, funga mlango na madirisha, fungulia maji ya moto hadi mvuke utande, kaeni humo dakika 10 hadi 15. Kama bafu halina maji ya moto, chemsha maji, yamimine kwenye beseni, uliweke juu ya kiti asikoweza kulifikia. Zungumza naye kwa sauti ya chini. Unyevu hulegeza kamasi, na baada ya hapo kikohozi hutoa kilichokuwa kimeganda. Majani ya mikaratusi na mafuta yake yasiwemo, wala dawa za kupaka kifuani zenye harufu kali. Mafuta ya aina hiyo ni sumu kwa mbwa. Na mbwa wenye pua bapa, kama vile pagi na buldogi, joto huwalemea haraka, kwa hiyo hao wasifungiwe kwenye mvuke bila ushauri wa daktari.

Mbwa huonja kwa pua kabla ya ulimi. Pua ikijaa kamasi, chakula hakina ladha, naye hukiacha. Mfute pua kwa kitambaa safi kilicholowekwa maji ya vuguvugu kabla ya kumwekea sahani, na chakula chenyewe kiwe cha uvuguvugu ili harufu ipande. Ugali mkavu na vipande vigumu humkwaruza koo. Ulainishe kwa mchuzi wa nyama au wa kuku. Dagaa waliochemshwa, kwa harufu yao, humwamsha hata mbwa aliyekataa vingine. Mchuzi usiwe na kitunguu wala chumvi nyingi. Maji safi yawepo muda wote, kwa sababu mwili uliokauka hutengeneza kamasi nzito.

Kuhusu kitunguu nisisitize, kwa sababu ndipo upendo wa watu wengi unapodhuru. Nyumbani mtoto akikohoa tunatwanga kitunguu saumu, tunakamua limau, tunachanganya na tangawizi. Kwa mbwa, kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu, na akipewa siku kadhaa anaweza kuishiwa damu. Asali ni salama zaidi: nusu kijiko hadi kijiko kimoja cha chai kwa mbwa mkubwa aliyekomaa, humtuliza koo. Kitoto cha mbwa na mbwa mwenye kisukari wasipewe.

Je, wajua kwamba kabati la dawa la nyumbani lina vitu vinavyoweza kumuua mbwa mwenye kikohozi kilichokuwa kinapona chenyewe? Parasetamoli huharibu ini na kuifanya damu ishindwe kubeba oksijeni. Ibuprofeni na diklofenaki hutoboa tumbo na kuharibu figo. Baadhi ya dawa za maji za kikohozi zisizo na sukari hutiwa utamu uitwao zailitoli, ambao kwenye lebo huandikwa xylitol. Huo hushusha sukari ya damu ya mbwa ghafla, mara nyingi ndani ya saa moja, na unaweza kuliangamiza ini. Mtu huinywa salama, mbwa huanguka kwa kifafa. Dawa za kuzima kikohozi za mbwa zipo, ila daktari ndiye anayejua lini zitolewe: kikohozi kikavu kinachomnyima mbwa usingizi huweza kuzimwa, lakini mwenye makohozi ya nimonia akizimwa kikohozi, uchafu hubaki mapafuni.

Antibiotiki je? Mwaka 2017 jopo la kimataifa la wataalamu wa magonjwa ya wanyama lilitoa mwongozo: mbwa anayekohoa lakini anakula, hana homa na ni mchangamfu, aangaliwe hadi siku 10 kabla ya kufikiria antibiotiki, kwa sababu wengi hupona bila hizo, na virusi havisikii antibiotiki hata kidogo. Zinapohitajika, doksisaiklini ndiyo huanza kufikiriwa. Kidonge chake kisimezwe kikavu, maana kikikwama njiani huunguza umio. Mpe ndani ya chakula, kisha anywe maji. Wapo wanaokwenda duka la dawa za mifugo, wakanunua chupa ya oksitetrasaiklini ya ng'ombe na sindano, wakampiga mbwa kwa kukisia uzito. Msifanye hivyo. Gharama ya kumwona daktari ni ndogo kuliko gharama ya kumpoteza mnyama au kuzalisha vijidudu sugu ndani ya ua wako.

Sasa jifunze kuhesabu, kwa kuwa ndiyo kazi kubwa ya muuguzi wa nyumbani. Subiri mbwa alale usingizi mtulivu. Kaa kando yake, tazama ubavu unavyopanda na kushuka. Kupanda na kushuka mara moja ni pumzi moja. Hesabu kwa sekunde 30, zidisha kwa mbili. Mbwa mzima aliyelala hupumua chini ya mara 30 kwa dakika. Ukiona 40 na zaidi, ukarudia baada ya muda ukaona vile vile, piga simu kwa daktari usiku huo huo. Kisha mwinulie mdomo utazame fizi: ziwe na wekundu mwepesi, na ukizibonyeza kwa kidole zigeuke nyeupe, rangi irudi ndani ya sekunde 2. Andika namba hizo kwenye karatasi asubuhi na jioni. Daktari atakushukuru.

Joto la kawaida la mbwa ni sentigredi 38.3 hadi 39.2, kwa hiyo kumgusa paji na kusema "anachemka" hakutoshi. Likivuka 39.5, hiyo ni homa.

Nenda kwa daktari bila kungoja pia ikiwa ameacha kula, amelegea, kamasi imekuwa nzito ya kijani au njano, kikohozi kimegeuka kuwa cha majimaji, au anakaa ameinua shingo akivutia hewa. Vitoto vya chini ya miezi sita, wazee, wajawazito, na wale wenye pua bapa wasisubirishwe hata kama wanaonekana wachangamfu. Kwao safari ya kutoka kooni hadi mapafuni ni fupi. Ukifika kliniki, mwache garini au nje chini ya mti, uingie peke yako kueleza. Chumba cha kusubiria chenye mbwa kumi ni mahali pazuri sana kwa kikohozi hiki kupata wagonjwa wapya.

Je, wajua kwamba ugonjwa unaoanza kwa kikohozi cha mbwa uliwahi kuua simba wetu? Mwaka 1994, distempa iliua takriban simba 1,000 wa Serengeti, kama theluthi moja ya simba wote waliokuwako, na virusi vyake vilihusishwa na mbwa wa vijiji vilivyozunguka hifadhi. Virusi vya distempa ni jamaa wa surua ya binadamu na wa sotoka ya ng'ombe, ile iliyotangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Distempa huanza na kikohozi na kamasi, ila haikomei hapo: macho hutoa usaha, mbwa huhara, nyayo huwa ngumu, na baada ya wiki kadhaa misuli huanza kutetema au mbwa hupata kifafa. Mbwa asiye na chanjo akikohoa na kutoa usaha machoni, usimhesabie kikohozi cha bandani. Henri Carré wa Ufaransa alionyesha mwaka 1905 kwamba distempa husababishwa na virusi, lakini ilichukua miaka mingi watu kukubali, kwa sababu bakteria wa Bordetella alikutwa kwa mbwa wenye distempa akadhaniwa kuwa ndiye muuaji.

Mafua ya mbwa nayo yapo. Mwaka 2004 virusi vya mafua ya farasi vilivuka na kuingia kwa mbwa wa mbio kule Florida, Marekani. Mwaka 2015 aina nyingine, yenye asili ya ndege wa Asia, ilizuka Chicago na kuugusa mji mzima: zaidi ya mbwa 1,000 waliugua, na nyumba za kulelea mbwa zikafunga milango.

Paka wa nyumbani anaweza kuambukizwa Bordetella. Sungura na nguruwe pia. Binadamu huambukizwa kwa nadra sana, na karibu wote huwa ni watu ambao kinga yao imeshuka kwa ugonjwa au kwa dawa, kama wanaotibiwa saratani au waliopandikizwa kiungo. Kama nyumbani yupo mtu wa hali hiyo, mwingine ndiye amuuguze mbwa, na mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kumgusa.

Je, wajua kwamba kikohozi kikiisha, maambukizi huenda hayajaisha? Mbwa aliyepona anaweza kuendelea kutoa Bordetella kwa wiki nyingi, hata miezi mitatu. Madaktari wengi husema akae mbali na wenzake angalau wiki mbili baada ya kikohozi cha mwisho. Kwa hiyo hakuna matembezi ya msituni, hakuna ufukweni, hakuna kumtembelea mbwa wa jirani. Sahani zake ziwe zake. Osha kwanza kwa sabuni, kwa kuwa dawa haipenyi uchafu, kisha tumia jiki, kipimo kimoja kwa vipimo 30 vya maji, iache dakika 10, suuza, anika juani. Mbwa awe mbali wakati huo. Harufu ya jiki ni adui wa koo lake.

Kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa haimkingi na kikohozi hiki. Chanjo hiyo ni ya lazima na ya maana kubwa, lakini ni ya ugonjwa mwingine kabisa. Ile chanjo ya mchanganyiko inayokinga distempa na parvo mara nyingi humo mna parainfluenza, ila Bordetella haimo. Chanjo ya Bordetella hutolewa kwa njia tatu: matone puani, matone kinywani, au sindano. Baadhi ya zile za puani huanza kukinga ndani ya siku 3. Ya sindano huhitaji dozi mbili zilizoachana wiki 2 hadi 4 kwa mbwa anayechanjwa mara ya kwanza. Ile ya puani ina bakteria hai waliodhoofishwa, kwa hiyo isichomwe kamwe kwa sindano chini ya ngozi. Kosa hilo husababisha jipu na linaweza kuharibu ini. Chanjo hupunguza makali. Haizuii kila kikohozi, na mbwa aliyechanjwa akikohoa kidogo baada ya kutoka bwenini si ushahidi kwamba ulitapeliwa.

Mwangalie vilevile anayemlea mbwa wako. Kwa mabanda ya mbwa yaliyo ndani ya majengo, hushauriwa hewa ya chumba ibadilishwe mara 10 hadi 20 kwa saa. Pua yako itakuambia mengi, kwani chumba kinachonuka mkojo asubuhi ni chumba kisichopumua. Uliza kama wanadai kadi ya chanjo kwa kila mbwa, kama wana chumba cha pembeni cha wagonjwa, na kama makarai ya maji yanatumiwa na wengi. Nyumba nzuri kabisa inaweza kupatwa na kikohozi, lakini nyumba nzuri hukwambia.

Na wewe uwaambie pia. Mbwa wako akianza kukohoa ndani ya wiki mbili baada ya kutoka huko, wapigie simu siku ile ile, bila hasira, uwape tarehe aliyoanza, ili wawaarifu wenye mbwa wengine waliolala naye na wasafishe mabanda kabla wageni wapya hawajafika.